Mtu Aliyeshika Kichwa B

Kama unataka kusema mzee anaota, acha kusoma hapa hapa. Haya niliyaona saa nane mchana, nikiwa sijaonja hata togwa.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Ufundi niliupata kwenye mashine za kukoboa mpunga Ubaruku, na leo nafunga mitambo ya kompyuta ambayo wenye vyeti wanaiogopa. Hospitali moja ya misheni huku Iringa ilinipa chumba chao cha mashine nikifunge upya.

Sikiliza, si kitu kigumu. Picha za wagonjwa hazikai kwenye kompyuta kubwa. Zinakaa kwenye kabati la diski, na kabati lina vichwa viwili vya kuliongoza, A na B, vyote vinazifikia diski zilezile. Kompyuta inakagua njia zake, inapita ile ya kichwa kinachosimamia diski, nyingine inaiweka akiba. A ikifa, B inapokea. Lakini si lazima waya uwe umefika B?

Mimi nilifanya nini? Kule mashineni, injini ikiwa na nguvu, mikanda yote tunaivisha hiyo hiyo. Waya zangu zilikuwa fupi, na B iko chini kabisa. Nikachomeka zote mbili A. Skrini ikaonyesha njia mbili, kijani tupu. Nikajisifu.

Wiki ya pili nilirudi kuchukua ngazi yangu, nikajifungia mle ndani kwa komeo. Taa za A zikazima mbele ya macho yangu. Simu ikaita, Sista wa chumba cha upasuaji.

"Baba, picha zimepotea! Mama wa watu yuko mezani, kichwa kiko wazi, daktari haoni pa kupita!"

"Dakika mbili, Sista." Uongo. Waya zilikuwa hazifiki B.

Nikageuka. Nyuma ya kabati amesimama mtu, koti la bluu, miguu peku kwenye sakafu ile ya baridi. Kaingilia wapi?

"Kamwene, fundi wa mikanda," akanisalimu kwa Kihehe. Nani alimwambia habari za mikanda?

"Wewe nani?"

"Utaniuliza au utaleta waya mrefu? Nenda. Nitashika."

Mkono mmoja akauweka kwenye kompyuta, mwingine kwenye kichwa B. Niamini: mwanga ulipita ndani ya nyama yake, vidole vikawa vyekundu kama ukifumba tochi kiganjani. Simu tena: "Zimerudi, Baba! Usiguse kitu!"

Nilikimbia kwenye gari, nikapekua maboksi yote. Niliporudi alikuwa amepauka mpaka midomo.

"Umechelewa, mzee. Nachoka."

Nikauchomeka waya mrefu kwenye tundu la kwanza la B. Kuinua macho, hayupo.

Kompyuta huandika kila njia inayoipita. Nusu saa nzima niliyokuwa garini iliandika: kichwa B, tundu la pili. Nikainama kuliangalia. Lilikuwa bado na kifuniko chake cha plastiki cha kiwandani.

Yule mama alipona, yuko kwao Mgololo. Nilimweleza Sista kosa langu, mimi nisiyejua kuomba radhi.

Sasa waya ni mbili, mmoja A, mmoja B. Skrini inaonyesha njia tatu. Ya tatu inasema: akiba, tayari. Nimezima, nimewasha, haiondoki.

Wewe unayefunga mitambo, usidanganywe na kijani. Fuata waya kwa mkono wako mpaka mwisho, halafu chomoa mmoja uone. Mimi nachomoa kila ninapofunga, isipokuwa pale. Pale sithubutu. Yule mtu aliniambia amechoka, na sijui safari hii atamwita nani amshikie.