Meza Iliyong'aa Kupita Kiasi

Baba mkwe wangu alikuja kwetu Nakuru kukaa siku chache, na kila Alhamisi jioni, baada ya taarifa ya habari, alitutangazia kwamba Jumamosi angerudi kwake. Kwake ni juu huko upande wa Molo: shamba la viazi kwenye mteremko, nyumba ya mbao, na yeye peke yake ndani tangu mama mkwe atutoke. Alikuwa ameteleza karibu na tangi la maji akaumia nyonga, akalala hapo kwenye baridi mpaka mtu wa kukusanya maziwa alipopita asubuhi. Daktari alisema asiishi peke yake tena. Mke wangu alikubaliana na daktari. Baba yake hakukubaliana na yeyote, ila kwa heshima hakubishana. Alitaja Jumamosi tu, na kila wiki mke wangu alibuni sababu mpya ya kuisogeza mbele. Sababu zilikuwa zinaelekea kuisha.

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe kidogo. Mzee wa kule haishi kwa binti yake aliyeolewa. Hutembelea, hunywa chai, huiombea nyumba, kisha huondoka jua likiwa bado juu. Kwa hiyo huyu wetu alikaa kwenye sofa kwa ncha ya makalio, kama mtu anayengoja kuitwa dirishani kwenye ofisi ya serikali. Aliniambia asante kwa kila kitu, hata nilipompisha mlangoni. Sijui kama kuna kinachochosha kuliko kushukuriwa na baba mkwe kutwa nzima.

Wazo la meza lilikuwa langu, na nililionea fahari mapema mno. Maisha yake yote mzee amekuwa fundi wa mabomba ya dawa, yale ya kubeba mgongoni ambayo wakulima wa viazi hunyunyizia mashamba yao. Nikawaza: tukisafisha stoo ya nyuma na kumwekea meza ya kazi, mikono itapata shughuli na Jumamosi itasahaulika.

Nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo nilianza kwa kusoma. Nilisoma kuhusu mbao pana za kiwandani hadi mke wangu akaniuliza kama natunga mtihani. Nilijifunza kwamba MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ni laini na inapendeza, lakini ikinywa maji huvimba kama mandazi. Chipbodi hata haihitaji maji, habari za maji zinaitosha. Na mabomba ya dawa hayatengenezwi bila kumwaga maji. Niliamua kununua plaiwudi nene, nikaenda hadi mtaa wa viwanda nikiwa na msamiati wote.

"Unatengeneza kabati, boss?" muuzaji aliuliza.

"Meza ya kazi. Ya fundi."

Alinitazama mikono. "Fundi ni wewe?"

"Ni baba mkwe."

"Ah! Basi chukua hii ya bei ya juu. Mkwe hadanganywi na chipbodi."

Nilichukua hiyo ya bei ya juu. Uso wa ubao ulikuwa mweupe, bila fundo hata moja, na mistari yake ilitulia kama maji kwenye beseni. Nilipiga msasa, nikapaka sila ya kuziba vinyweleo, nikapiga msasa tena, nikapaka vanishi, nikangoja ikauke, nikarudia. Nilikumbuka kingo, ambako maji huingilia, na upande wa chini pia, maana nilikuwa nimesoma kwamba ubao ukizibwa upande mmoja tu hupinda. Kila jioni niliingia stooni kuutazama. Mwishowe niliweza kuona uso wangu humo, na nikaona kwamba umeridhika.

Tulimwita mzee. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akavua kofia.

"Meza nzuri," alisema. "Asante sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Kisha akarudi kwenye sofa.

Hakuigusa wiki hiyo, wala iliyofuata. Mke wangu, nadhani kwa huruma kwangu, aliitandika kitambaa cha kufuma, na wanawake wa kanisani walipokuja kwa maombi wakaweka juu yake thermosi na vikombe. Mmoja alisema hajawahi kuona stoo yenye heshima namna ile.

Halafu jirani yetu, mwanamke mwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba yake, akaleta bomba linalovuja. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta baba mkwe akilitengeneza. Alikuwa chini, kwenye saruji, nje ya mlango wa stoo, mguu wenye nyonga mbovu ameunyoosha kando, uso umekunjamana kwa maumivu. Vipande vya bomba alikuwa amevipanga kwenye gunia. Meza ilikuwa hatua chache tu nyuma yake, inang'aa na kitambaa chake.

"Baba, mbona hapo chini? Meza si iko?"

"Hapa panatosha."

"Lakini daktari alisema usikae chini."

Aliendelea kufuta valvu. "Hii dawa hula rangi," alisema hatimaye. "Nikiiharibu meza ya mkwe wangu, nitawaambia nini watu wa nyumbani? Kwamba nilienda kulala kwa binti yangu, halafu nikamharibia bwanake vyombo?"

Nilimsaidia kuinuka, naye akaniambia asante.

Nilipomsimulia mke wangu alicheka, halafu macho yakamjaa machozi. "Baba watoto, ulisema unamtengenezea mahali pa kazi. Wewe ukamjengea madhabahu."

"Mbona hukusema wakati ule?"

"Ulikuwa na furaha sana."

Alhamisi hiyo mzee alitaja Jumamosi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzungumza na dereva wa kumrudisha. Na kweli alikuwa amezungumza naye. Mke wangu hakutoa sababu yoyote, aliinuka tu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa nilimtoa mzee kunyoosha mguu. Hatuishi Milimani, kwa matajiri. Tunaishi mahali ambapo ukimwelekeza mtu unasema si mbali na Milimani, na kazi ya barabara zetu ni kubeba lori za mjengo. Kwenye kona walikuwa wakibomoa fomu za zege kwenye ghorofa mpya, na kando kulikuwa na rundo la zile mbao nzito zenye ngozi nyeusi ya kuteleza, ambazo humwagiwa saruji juu yake. Mzee alisimama. Aligonga moja kwa fimbo, akasikiliza.

"Boss," alimwita msimamizi, "hizi mnazipeleka wapi?"

"Hizo zimechoka, mzee. Ni za kuni."

"Hii haijachoka. Imezeeka tu kama mimi."

Vijana waliokuwa juu ya ngazi wakacheka. Msimamizi akasema mzee ana maneno, lakini mbao bado ni za mwenye mjengo. Mzee hakubishana, macho yake yalikuwa yamehamia kwenye bomba la mgongoni lililotupwa karibu na mchanga.

"Na hilo?"

"Ni la dawa ya mchwa. Limekufa."

"Nani amelipima?"

Nilifikiri ni adabu kuingilia kati. "Baba, naweza kukununulia ubao mpya—"

"Ngoja kwanza," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kunikatiza.

Aliketi kwenye tofali mbili, akalifungua bomba, akaomba kipande cha mpira wa tyubu, akakikata kwa wembe. Kabla chai ya mafundi haijaletwa, bomba lilikuwa linarusha ukungu juu ya viatu vya msimamizi. Vijana wakashangilia, na msimamizi akasema tuchague ubao. Tuliondoka na ubao, umebebwa kichwani na mmoja wao, na mzee akatembea mbele kama mwenye ng'ombe anayetoka sokoni.

Ulikuwa mbaya. Saruji imeganda kwenye pembe, matundu ya misumari kila mahali, na harufu ya oili chafu ambayo mafundi hupaka ili zege isishike. Tulikata ncha zilizooza. Kisha tukausugua kwa maji moto na sabuni, maana rangi haishiki penye oili. Uso haukuhitaji chochote, ile ngozi nyeusi haipitishi maji. Palipobaki kuzibwa ni kingo tulizokata na matundu. Matundu tuliyajaza gundi na unga wa msumeno, na kingo zikapakwa rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti, na upande wa chini vilevile. Kingo zilikunywa rangi ya kwanza kama watu waliotoka shamba. Ubao ukakaa kwenye miguu ya meza, na plaiwudi yangu tuliigeuza ikawa rafu. Inapendeza sana ukutani.

Nilikuwa nikipaka mkono wa pili wa rangi, nikitafakari jambo fulani la maana, mzee aliponiona.

"Wewe! Unapaka ama unabariki?"

Niliganda na brashi mkononi.

"Ingiza ndani! Sukuma! Hapo maji yataingia, si hapo unapopapasa. Hawa watu wa vitabu, jamani."

Dirisha la jikoni lilifunguka. Mke wangu alitoa kichwa, akatutazama, akarudisha kichwa taratibu kama mtu aliyeona ndege asiyetaka kumshtua. Mimi nilisukuma brashi. Alinikosoa hadi kona ya mwisho, na hakusema asante.

Rangi ilipokuwa ikikauka alitoa simu, akaishika mbali na sikio kama kawaida yake, akampigia jirani yake wa kule juu. Kwanza aliuliza habari za mvua.

"Yule dereva mwambie asije kesho," alisema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. "Eeh. Halafu lile sanduku langu la spana, lipakie kwa gari la viazi. Na wale kuku wangu, usiwaache walale njaa. Wachukue tu, wawe wako."