Ukurasa Nilioutia Motoni

Daw Nyo Shein ana duka la kukodisha vitabu hapa mtaani kwetu Mandalay, na mimi ndiye niliyemharibia kitabu chake bora kuliko vyote. Nilikuwa na miaka kumi. Riwaya ilikuwa imefika siku ile ile, nikawa wa kwanza kuifungua: chombo kimepotea mbali angani, ndani yake watu kumi na wawili, na duniani kuna msichana anawaita kwa redio kila jioni, nao wanajibu. Nilipofika ukurasa wa mwisho, nywele zilinisimama. Nikauchana, nikautia motoni chini ya sufuria ya wali. Potelea mbali!

Kumbe ndiyo kwanza nimekitia utamu. Watoto wa mtaa wanakigombania hadi leo, miaka thelathini, jalada limeshonwa kwa uzi, na kila mmoja anaapa anajua kilivyoisha. Zeya, mwana pekee wa Daw Nyo Shein, alishikilia kwamba msichana hakuacha kuita, ndiyo maana chombo kikarudi.

Zeya alifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya vito, kaskazini. Hakikupatikana hata kiatu. Siku ya saba ndugu walitaka Zeya aambiwe kwamba amekufa, aende zake, kama tunavyowaambia wafu wetu wote. Mama mtu akawatimua kwa ufagio.

"Nani kamwona amekufa? Nikinyamaza, atapotea njia!"

Miaka minne sasa, kila jioni, anasimama mlangoni na kuita jina lake mara tatu. Majirani walimwonea huruma, kisha wakaanza kupitia njia nyingine.

Juzi nilimpelekea tambi za mchuzi wa samaki. Akanidaka mkono.

"Wee Thet Htar, siku hizi ananijibu."

"Shangazi, usinitishe bwana."

"Nakutisha nini? Anajibu kutoka kule kwenye rafu. Ila ananiudhi, kila siku maneno yale yale: 'Usituite tena, tumechoka.' Wamechoka yeye na nani?"

Yalikuwa maneno ya ule ukurasa, herufi kwa herufi.

"Shangazi, niliuchana mimi. Ule ukurasa wa mwisho."

"Mshenzi wewe! Miaka yote hiyo unakunywa chai yangu!" Kisha sauti ikashuka. "Yule msichana alifanyaje?"

"Walikuwa wameshakufa zamani. Kuita kwake ndiko kulikowanyima kupumzika. Akazima redio."

Akasukuma bakuli kando, akaniambia nimwitie mtawa.

Jana asubuhi mtawa wa Kibudha alikuja. Daw Nyo Shein akamimina maji tone kwa tone, kama tunavyowaaga wafu wetu, akasema kwa sauti kavu, "Zeya, mwanangu, umekufa. Nenda." Niliyelia ni mimi.

Jioni, saa yake ilipofika, miguu ilimpeleka mlangoni yenyewe. Nyuma yetu, kwenye rafu, kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayesubiri. Niliogopa kugeuka. Mdomo wa Daw Nyo Shein ulishafunguka. Akauziba kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo hivyo, machozi yakimpita katikati ya vidole, mpaka giza likaingia.