Mkorogo Usiochubua

Jina la Mama Mkorogo alibandikwa na majirani, na kusema kweli lilimkera mno. Nani asiyejua mkorogo? Ni ile michanganyiko ya kuchubua ngozi, mtu alale mweusi aamke hajulikani rangi. Yeye hakuwahi kumchubua mtu hata kidole. Kosa lake lilikuwa kukoroga tu.

Alianza kwa ajili ya mikono yake mwenyewe. Miaka kumi na moja alifua mashuka ya hospitali, na ile sabuni ilimla vidole hadi akishika chumvi machozi yanamtoka. Mafuta ya dukani hayakufua dafu. Basi akatafuta mafuta ya nazi, nta ya kushikanisha mafuta na maji, na matone ya dawa ya kuzuia ukungu, akabandika sufuria jikoni. Ya kwanza ilimwaibisha: mafuta juu, maji chini, kama watu walionuniana. Akamwaga. Akamwaga na ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ndiyo iliyomfundisha kwamba mafuta na maji sharti viwe na joto moja kabla ya kukutanishwa, halafu ukoroge bila kupumzika hadi vipoe. Mikono ikapona, akaacha kazi ya kufua.

Losheni yake iliuzwa mahali pamoja tu, kwenye rafu ya saluni ya wifi yake, dada wa mumewe. Akiipoteza rafu hiyo, anarudi kwenye mashuka.

Asubuhi moja alipoleta chupa mpya, wifi alimvuta pembeni akamtia mkononi kopo lisilo na lebo.

"Wifi, weka kijiko kimoja kwa kila chupa. Watu wakisikia Mama Mkorogo wanatarajia weupe. Wanapaka wiki mbili, hola, wanakuja kunisema mimi."

"Hii ni nini?"

"Wewe tia tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Usijifanye malaika hapa. Hutaki, toa chupa zako. Kuna mtu anaingoja hiyo rafu."

Hapo ndipo wifi alipochemsha, akakosea hesabu. Mwanamke aliyemwaga sufuria nne akabandika ya tano, utamtisha na ubao wa ukutani? Mama Mkorogo alirudisha kopo, akaanza kushusha chupa moja moja, tena polepole makusudi. Wateja wawili waliokuwa wakisukwa waliacha simu zao, wakatega masikio. Na yeye akapaza sauti wasikie vizuri.

"Nakoroga, ndiyo. Sichubui. Anayeichukia ngozi yake akanunue kwingine."

Ilipobaki chupa ya mwisho, wifi akaishika.

"Hii niachie."

"Si umesema hazitakiwi?"

"Siuzi." Sauti ya wifi ilishuka. "Ni ya kwangu. Uso unaniwaka, wifi. Hata maji ya baridi siyawezi."

Mama Mkorogo akamtazama kwa karibu. Chini ya poda mashavu yalikuwa yamebabuka, na ngozi ilikuwa ikibanduka kando ya pua. Hasira haikumtoka. Huruma nayo ikaingia, zikabanana humo humo kifuani.

"Haipakwi juu ya poda," akasema. "Nawa uso kwanza."

"Hapa? Mbele ya wateja?"

"Mbele yao hao hao."

Wifi aliwatazama wateja, akatazama rafu tupu, kisha akafungua bomba.