Mafahali Ambao Sikuwachunga

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka hadi harufu yake, samadi na mvinyo uliomwagika. Nilikuwa nimesimama katika barabara nyembamba ya mji mdogo wa Uhispania, nimevaa nguo nyeupe na kitambaa chekundu shingoni, nikisubiri mafahali sita wafunguliwe watukimbize. Kilichonifikisha pale ni uongo wangu mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa nafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee huko Wheaton, Marekani. Shule niliiachia darasa la nane, Kiingereza changu kilikuwa cha kusitasita, na wakati wa chakula cha mchana nilikaa mwisho wa meza nikitafuna polepole ili nisiulizwe kitu. Mpishi wetu alikuwa Mhispania, Mzee Ramoni. Kila Julai alirudi kwao kwa sikukuu ya mji, ambapo watu hukimbia barabarani mbele ya mafahali. Siku moja akatuonyesha picha. Watu wakashika vichwa. Mimi, sijui nilisukumwa na nini, nikasema, "Hao mbona wa kawaida. Nimekua nikiwachunga."

Meza nzima ikanigeukia. Musa, kijana wa Tanga aliyehudumia wazee wa ghorofa ya pili, akaniuliza, "Wewe Njoroge? Unayeogopa lifti?"

"Lifti haina macho," nikamjibu. "Fahali ukimtazama machoni anatulia."

Wakacheka, lakini kicheko cha kunipenda. Tangu siku hiyo nikaitwa Bwana Fahali. Nikahamia katikati ya meza. Wewe uliyezaliwa huku huenda usielewe ilikuwa tamu kiasi gani kuitwa jina, jina lolote, baada ya miaka miwili ya kuwa yule wa mashuka.

Ukweli ni kwamba nimekulia Limuru, ambako mama alikuwa mchuma chai. Ng'ombe niliyemjua alikuwa mmoja, wa maziwa, tena wa jirani.

Mzee Ramoni akatualika kwao, mimi na Musa. Viza niliiomba nikiombea ninyimwe. Nikapewa. Ndani ya ndege Musa alinionyesha picha ya mkewe na binti yao mdogo. Baada ya kusubiri muda mrefu, karatasi zao zilikuwa zimetoka, nao walikuwa wafike Marekani mwezi uliofuata. Nikasema hongera, kisha nikajifanya nimelala.

Asubuhi ya mbio, Mzee Ramoni alitueleza sheria. Unakimbia hatua chache tu, halafu unatoka pembeni. Ukianguka, lala hapo hapo ufunike kichwa, usiinuke mpaka wapite. Kisha akamwambia Musa, "Kaa karibu na huyu mwenzako. Yeye anawajua." Akaenda kusimama mahali pake, mbele kidogo.

Musa akafunga kamba za viatu mara mbili. "Haya, Bwana Fahali," akasema. "Ukikata kushoto, nami kushoto. Ukisimama, nasimama. Macho yangu yako mgongoni mwako."

Mwanangu, nilikuwa tayari kuumia mimi ili nisiaibike. Ujinga huo niliupanga tangu Wheaton. Lakini kumwona mtu akiupanga uhai wake nyuma ya mgongo wangu, hilo sikuwa nimelipangia.

"Musa," nikasema, "sijawahi kuchunga hata mbuzi."

"Acha utani wako saa hizi."

"Sitanii. Kwetu hatukuwa na ng'ombe. Sijui lolote."

"Mke wangu anakuja mwezi ujao."

"Najua."

"Ulijua, na ukanyamaza mpaka hapa."

Nikamshika mkono, tukapenya chini ya mbao za uzio, mtu mmoja nje akatuvuta. Mara fataki ya kufungulia mafahali ikalia. Tuliona miguu na vumbi tu, na mbao zikatetemeka mbele ya vifua vyetu. Yalikwisha upesi kuliko ninavyokusimulia. Kijana mmoja alibaki chini, amelala kama alivyofundishwa, kisha akainuliwa mzima.

Mzee Ramoni alipotufikia nilimwambia yote. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mimi nimekimbia nao tangu ujana, na siwajui. Ungeniambia huwajui, ningekuweka dirishani kwa mama yangu na kikombe cha kahawa. Unadhani nilikualika kwa ajili ya ng'ombe? Nilikualika kwa sababu kila asubuhi unaniletea aproni jikoni kabla sijaomba."

Maneno hayo yaliniuma kuliko pembe. Kumbe mahali pangu mezani nilikuwa napo tangu zamani.

Musa hakunisemesha mpaka tuliposhuka uwanja wa ndege wa Dulles. Mkewe alipofika, Musa alinialika kwake Laurel kula pilau. Akamwambia mkewe, "Huyu ni Njoroge. Ng'ombe hawajui kabisa. Lakini neno lililokuwa gumu kwake kuliko yote aliniambia, ndiyo maana nimekuja kukupokea na miguu yangu miwili."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Huku ugenini watu watataka uwe na hadithi kubwa ya asili yako, na wewe mpole utashawishika kuwapa. Usiwape. Sema udogo wako ulivyo; anayekufaa atakupenda nao. Na kama uongo umeshakutoka, usiseme muda umepita. Hata ukiwa umeshavaa, hata watu wakiwa wamejipanga nyuma yako, geuka useme. Utaona haya siku chache, nayo itapungua.

Mungu akupe marafiki wa kukukubali kwa kipimo chako, akulindie wote watakaokuamini, na akufungue kinywa mapema kuliko alivyonifungua mimi.