Kiti Kilichokataa Kuinuka

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitakatiza hadithi kukubembeleza uniamini. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki, tena asubuhi jua likiwaka. Pombe sinywi. Tulikuwa watu wawili uwanjani, mimi na shemeji yangu Meshack, na mpaka leo Meshack hawezi kukusalimia kwa mkono. Ngoja utajua kwa nini.

Mwaka huo wa 2008 nilikuwa nafanya kazi ya kukata nyasi mjini Nakuru. Usiidharau. Nyasi hizo zilinilisha mimi na zikamlisha Meshack, mume wa dada yangu Rahabu, ambaye tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Meshack alitafuta wateja kwa sababu ana mdomo mtamu, mimi nilisukuma mashine mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mvua ndefu zilipoanza, shule moja ya sekondari nje ya mji ikatupa uwanja wake wote. Nikajua hapa mashine ya kusukuma itaniua.

Nilihitaji ile ya kukalia, wanayoiita zero-turn. Kama hujaiona, haina usukani. Ina vishikio viwili mbele yako, kila kimoja kinaongoza gurudumu lake la nyuma, na ukivuta kimoja huku ukisukuma kingine inajigeuza pale pale iliposimama. Huwezi kuikwepa kwa kukata kona, maana hakuna kona ambayo yenyewe haiwezi kuikata. Likumbuke hilo.

Nilianza kwa Mzee Harjit, Singasinga aliyekuwa na duka la mashine za shamba mjini. Alinionyesha mpya, nyekundu, inanukia rangi. Aliponitajia bei nikakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Akanicheka, akaagiza chai.

"Unaweza lipa pole pole," akasema. "Na kama unataka ya mtumba, si mbaya. Lakini ukiipata, washa, weka visu zizunguke, halafu inuka kidogo kwa kiti. Hapo chini iko na switch. Mtu akitoka, engine lazima izime, ndio isikukate mguu ukianguka. Kama haizimi, jua fundi amechezea waya. Hiyo achana nayo, rudi nyumbani."

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa ile mpya, nilipe kidogo kidogo. Meshack hakutaka hata kusikia.

"Brathe, tumetoka kwa shida juzi tu, watu bado wako kwa mahema, na wewe unataka kujifunga na deni? Kuna moja iko Dundori, karibu mpya. Bei ni ya kutupa."

Shida aliyoitaja ni ile ya Januari, baada ya uchaguzi. Kama ulikuwa Nakuru wakati ule huhitaji kusimuliwa, na kama hukuwepo shukuru Mungu wako. Watu walikatwa mapanga, nyumba zikachomwa, na hata baada ya miezi kupita tulikuwa tunasalimiana barabarani kila mtu akijiuliza mwenzake alikuwa wapi wiki ile. Meshack alisema alikuwa Nairobi kwa binamu yake. Ningemkatalia kwa nini? Ni baba wa watoto wa dada yangu.

Basi tukapanda Dundori. Ilikuwa alasiri na ukungu umeshuka mpaka kwenye viazi, huoni ng'ombe akiwa hatua chache mbele yako. Mwenye stoo alikuwa dalali mmoja wa viazi, mtu wa maneno machache. Mashine ilikuwa imefichwa nyuma kabisa, imefunikwa magunia. Tulipoyatoa nikapiga mluzi. Ilikuwa nzuri, niamini. Tairi bado zina meno na injini ni safi. Nilimwuliza dalali mwenye mashine ni nani.

"Ya mzungu fulani. Alirudi kwao," dalali akajibu akiangalia viatu vyake.

Nikapapasa nitafute pa kufungulia mafuta. Meshack akanyoosha mkono bila hata kuinama, akafungua. Nikamwuliza amejulia wapi. Akasema mashine zote ni sawa. Lakini nilipomwambia apande aizungushe kidogo nione inavyokwenda, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Eti mgongo unamuuma. Mgongo! Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma.

Nikapanda mwenyewe. Nikaitoa nje kwenye nyasi, nikawasha visu, kisha nikafanya nilivyofundishwa na Mzee Harjit. Nikainuka.

Haikuzima.

Nikashuka kabisa. Injini inanguruma, visu vinazunguka, na mimi niko kando nimesimama. Nikazima kwa ufunguo, nikainama nikamulika chini ya kiti kwa simu. Nilitarajia kuona waya uliokatwa ukaunganishwa, kazi ya mafundi wetu wa kando ya barabara. Waya haukuwa umeguswa, hata tepu ya kiwandani ilikuwa bado. Switch ilikuwa imebonyea, ndiyo sababu haikuzima. Na ilikuwa imebonyea kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa chini. Kile kiti kina springi, ukishuka kinapaswa kuinuka. Hakikuinuka. Nikaweka kiganja juu yake nikakikuta cha moto, tena kimeloa, na mimi nilikuwa nimekikalia kwa suruali kavu.

Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Ungefikiri kutu. Ungefikiri springi imekufa. Meshack naye akafurahi.

"Si hiyo ni switch imeshika tu! Na ni poa, haitakuwa inakuzimia kwa mteremko. Tumwambie apunguze bei juu ya hiyo."

Dalali akapunguza bila ubishi, na hilo peke yake lingetosha kunifukuza pale. Tukaipakia kwenye pickup, tukashuka nayo Nakuru.

Siku ya kwanza uwanjani nilianza mapema, wanafunzi wakiwa madarasani upande wa pili. Mashine ilikata vizuri kuliko nilivyojua mimi kukata. Mistari ilinyooka. Nikifika mwisho wa uwanja inageuka kabla sijavuta kishikio, na mara mbili tatu nilihisi vishikio vinasukumwa na mikono isiyo yangu. Nikajiambia ni ugeni wa mashine. Kisha jua likapanda, nikakiona kivuli chetu kwenye nyasi. Kivuli cha mashine kilikuwa sawa, na mimi nilikuwa juu yake. Lakini kile kichwa kilikuwa na kofia pana ya shambani, na mimi sikuvaa kofia.

Nilitaka kuruka. Badala yake nikafanya kitu cha kijinga, nikaangalia kipimo cha mafuta kama mtu ambaye hajaona kitu. Yalikuwa yanaisha. Nikampigia Meshack alete petroli. Akaniambia ataiacha getini. Hapo nikapandwa na hasira, nikamwambia ailete mpaka nilipo, mimi si mtoto wake. Hofu ilishanijaa, nilitaka tu kuona uso wa mtu.

Alikuja na mtungi, akipita kando kando ya ua wa michongoma, mbali nami. Nikazima visu, nikafunga breki, nikashuka kwenda kumpokea.

Injini haikuzima. Nilipogeuka nikaona kiti kimebonyea. Nikaona kitufe cha kuwashia visu kikijivuta juu chenyewe, na visu vikaanza. Breki ikajifungua. Vishikio vikaingia ndani, kimoja kikavutwa, kingine kikasukumwa, na mashine ikajigeuza pale pale mpaka pua yake ikamwelekea Meshack.

Meshack hakuuliza ni nini. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mtu mwingine angeniambia nizime mashine yangu. Yeye aliangusha mtungi, akakimbia.

Akikimbia kushoto, inageuka kushoto. Akirudi kulia, imeshafika. Ilimsukumiza kwenye michongoma, miiba ikamchana shati na mgongo, akajichomoa damu zikimtoka, akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Nami nilikuwa namkimbilia. Niliifikia mashine kutoka nyuma, nikanyoosha mkono kushika ufunguo, na mkono wangu ukagonga kiwiko.

Naapa. Hakukuwa na mtu wa kuonekana, lakini kilikuwa kiwiko cha mtu, chenye nguo nzito iliyoloa. Nilipouondoa mkono, vidole vilikuwa vyekundu. Na juu ya kelele za injini nikasikia sauti ya mzee, ya upole kabisa, kama mtu aliyeitwa chakula akiwa bado kazini.

"Ngoja kidogo, kijana. Namalizia hapa."

Nikaketi kwenye nyasi kama gunia. Meshack alikuwa amejigeuza, analia, ameitanguliza mikono yote miwili mbele kuizuia mashine.

"Mzee Yohana!" akapiga kelele. "Mzee Yohana, si mimi nilikukata! Ni wale wengine! Mimi nilikushika mikono tu!"

Mashine ikasimama. Nilidhani amesikilizwa. Nilidhani yamekwisha.

Kisha ikasogea mbele polepole, kwa uangalifu, jinsi mkata nyasi mzuri anavyopita kando ya maua. Ikapanda juu ya ile mikono. Ilichukua viganja, ikachukua mpaka juu kidogo ya kifundo, na vitu vikarushwa upande kwenye nyasi zilizokatwa. Sitavitaja. Ule mlio sitausahau mpaka naingia kaburini. Ilipofika hapo ikarudi nyuma, ikasimama, wala haikumgusa kichwa wala kifua.

Halafu kile kiti kikainuka. Kilipanda taratibu, springi ikilia, kama vile mtu mzito anapojiinua baada ya kazi ya siku nzima. Na injini ikazima, kama Mzee Harjit alivyosema inapaswa kuzima.

Nilifunga mikono ile kwa mshipi wangu na shati langu. Walimu walikuja, gari likapatikana, akafika hospitali akiwa hai. Kila mtu aliandika ajali ya kazini, na mimi sikuwabishia. Ningewaambia nini?

Alisema mwenyewe alipoweza kusema, mimi na Rahabu tukiwa kando ya kitanda. Wiki ile ya Januari hakuwa Nairobi. Alikuwa na kundi upande wa Kabazi, na waliingia kwenye nyumba moja ya wageni yenye bustani kubwa. Wenye nyumba walikuwa wameshakimbia. Mkata nyasi alibaki, huyo Mzee Yohana ambaye Meshack alimjua kwa kazi, mzee wa kabila ambalo halikutakiwa pale siku ile, kwa kuwa alikuwa ameambiwa bustani isikae vibaya. Walimkuta amekalia mashine. Alikataa kushuka. Wakamvuta, Meshack akamshika mikono kwa nyuma ili wengine wafanye walichokuja kufanya. Baadaye akarudi na pickup akachukua mashine, akaificha Dundori mpaka apate mnunuzi. Mnunuzi huyo nilikuwa mimi. Pesa niliyomlipa dalali iliishia mfukoni mwa Meshack.

Rahabu alimwuliza swali moja tu, kama yule mzee aliomba huruma.

"Hakuomba," Meshack akasema. "Alifikiri tumekuja kumwita. Alisema ngojeni kidogo, vijana, namalizia hapa."

Nilitoka nje. Yale maneno ya uwanjani nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Mashine niliipeleka kwa Mzee Harjit. Alikaa, akawasha visu, akainuka, ikazima. Akarudia tena na tena, ikazima kila mara. Akanishangaa. "Hii ni mzima kabisa. Nani alikuambia ni mbovu?" Nikamwachia aiuze akaipeleke mbali, na sehemu yangu ya pesa nilimpelekea mjane wa Mzee Yohana bila kumwambia imetoka wapi. Mume wake walimzika nyuma ya ile bustani. Mimi huenda huko kila mwaka mvua zinapokoma, nikasafisha kaburi kwa slasha, kwa mkono. Mashine ya kukalia sijakanyaga tena, na hata kazini nimerudi kusukuma.

Meshack yuko hai. Dada yangu humlisha kwa kijiko, asubuhi na jioni, na hamsemeshi. Mimi humpenda dada yangu kuliko mtu yeyote duniani, na nikiona kile kijiko kikienda na kurudi kimya kimya, nashindwa kujua ni nani kati yao aliyehukumiwa. Siku nyasi za jirani zinapokatwa, Meshack hukaa chini sakafuni. Hawezi kukaa kwenye kiti.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mashine kwa pesa kidogo, nunua ya mtumba, sikukatazi. Washa visu, kisha uinuke. Ikizima, lipa uende zako. Isipozima, usipoteze muda kutafuta waya uliokatwa. Geuka umtazame aliyekuleta, umwambie apande yeye kwanza.