Pumzi Tatu za Wanjugu

Filimbi. Ndiyo sauti ya kwanza Wariara anayoikumbuka duniani: filimbi nyembamba ndani ya mgongo wa mama yake, alipokuwa amebebwa kwa leso, sikio limelala katikati ya mabega. Wanjugu, mama yake, aliwapikia vibarua wa ngano huko Mau Narok, kwa kuni mbichi, katika jiko lisilo na dirisha. Mtoto alidhani kila mama huimba hivyo.

Alipokua aliuza viazi kando ya barabara, na sauti yake ilifika ng'ambo ya bonde. Siku moja Daktari Kosgei, aliyekuwa akianzisha utafiti wa magonjwa ya mapafu, alinunua debe moja kisha akamuuliza kama angependa kazi ya kupiga kelele.

Haukuwa mzaha. Mashine ya kupima pumzi haina huruma. Unavuta hewa mpaka mbavu zikatae, unafunga midomo kwenye mrija, unapuliza kwa nguvu zako zote, na unaendelea sekunde sita hata kama unaona umekwisha. Ni wachache wanaofika bila kufokewa. Kwa miaka minne Wariara amefokea wachuma maua wa Naivasha, wachungaji, hata chifu mmoja.

"Msichana," mzee Gathogo alimwambia akifuta machozi, "hata mke wangu hajawahi kunipigia kelele hivyo."

"Basi yeye hajui kazi, mzee. Rudia."

Mwaka huu utafiti ulifika Mau Narok, katika ukumbi wa kanisa, na Wanjugu akapanga foleni kama wengine. Mara mbili alikuwa amemeza dawa za TB kwa kubahatisha, miezi sita kila mara, na kikohozi hakikwenda popote. Majirani walianza kumwekea kikombe chake peke yake. Sasa makohozi yake yalikuwa yamepimwa, hayana TB. Lakini ni nini basi? Bila kipimo cha pumzi daktari hangejua ampe dawa gani, na kesho yake mashine ilikuwa inahamia kwingine.

Wariara alimwachia Kigen, mwenzake, ampime. Kigen ni kijana wa adabu.

"Tafadhali puliza, mama. Kidogo tu tena."

Wanjugu alipuliza kama anayepoza chai. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara tano. Kanuni zinaruhusu majaribio nane kwa siku, na matatu kati yake lazima yawe ya pumzi nzuri. Yalikuwa yamebaki matatu tu.

Wanjugu akautoa mrija mdomoni, akageuka. "Wariara. Huyu kijana ananibembeleza kama mtoto mwenye homa. Wewe nimekusikia ukifokea watu tangu asubuhi. Mimi nimekukosea nini?"

Foleni ikacheka. Wariara hakucheka. "Siwezi kukupigia kelele, Maitu." Ndivyo alivyomwita mama yake tangu utotoni, na kwao hakuna anayempandishia Maitu sauti.

"Ulipoota meno ulinipigia kelele wiki nzima na sikufa. Njoo."

Akaja. Akambana mama yake pua kwa kibanio kidogo, akapiga magoti mbele yake ili waonane uso kwa uso.

"Vuta. Vuta tena, jaza, jaza! Sasa puliza! Puliza, puliza, puliza, usiniachie, bado ipo, bado ipo, endelea!"

Shingo ya Wanjugu ilisimama mishipa, macho yake hayakutoka kwa binti yake. Mstari ukatambaa kwenye kompyuta, polepole kama mlevi anayepanda mlima, ukafika sekunde ya sita. Mashine ikakubali.

Pumzi ya pili, ikakubali tena. Kabla ya ya tatu mama alikuwa anatetemeka, na Wariara alitamani kusema basi. Akafoka zaidi, machozi yakimtoka, na foleni nzima ikafoka naye.

Ikakubali.

Daktari Kosgei aliinama, akausoma mstari. "Ni moshi," alisema. "Moshi wa miaka mingi. Si ugonjwa wa kuambukiza, na dawa yake ninayo."

Wanjugu alikuwa bado anatafuta hewa. Wariara alimtoa kibanio, akampangusa mate kidevuni kwa kiganja, kisha akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Pumzika, Maitu," akasema, kwa sauti ambayo hata Kigen hakuisikia.