Nilimwibia Mama Kyalo prosesa, akafukuzwa Nthenya

Admin, naomba unifiche kabisa. Sultan Hamud ni mji mdogo na watu wake wana macho. Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka hamsini na mbili, kanisani ni mzee wa kukusanya sadaka. Majina nimebadilisha. Anayetaka kunitukana atukane, lakini asome mpaka mwisho.

Mwaka wa 1998 nilikuwa kijana wa kutengeneza redio na TV kwa kibanda changu. Nilikuwa pia na kompyuta moja ya mtumba, na vijana walikuwa wanalipa kucheza mpira na mbio za magari. Hiyo ndiyo ilikuwa inanilisha. Halafu ikaja gemu mpya ya magari ambayo mashine yangu haikuweza kubeba. Prosesa ya mashine, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya kasi ya sabini na tano tu. Gari lilikuwa linaruka hapa, linasimama, linaonekana kule. Vijana walinicheka: "Fundi, hii gari yako imeishiwa mafuta?" Wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Nilienda Nairobi kutafuta prosesa kubwa zaidi. Bei waliyoniambia ilikuwa mara tatu ya pesa zote nilizokuwa nazo, hata baada ya kuuza baiskeli. Nilirudi nyumbani na hasira, nikala ugali nikalala.

Wiki hiyo hiyo Mama Kyalo wa Mukuyuni akaniita. Alikuwa na ofisi ya kupiga chapa na alichapa mitihani ya shule nyingi za huko. Kaka yake alikuwa amemletea kompyuta nzuri kutoka ng'ambo, na feni yake ilikuwa inapiga kelele. Nilipofungua nikaona prosesa ya mia na thelathini na tatu, soketi, pale inapokaa, ni ile ile ya kwangu. Jamani, shetani hakuhitaji kuniambia mara mbili. Nilimwambia mama lazima niende nayo kibandani.

Huko niliweka kwanza ile gemu ya magari ndani ya mashine yake, kujaribu kama prosesa inafanya kazi kweli. Gari liliteleza vizuri mpaka nikacheka peke yangu. Basi nikaitoa prosesa nikaweka kwangu, na yangu nzee nikaiweka kwake. Feni nikaitia mafuta. Nilirudisha kompyuta Mukuyuni na mama akanipa chai na mkate. Lakini gemu nilisahau kuifuta.

Baada ya mwezi akaniita tena, akiwa amekasirika. Mashine imekuwa kobe, mitihani imechelewa, shule mbili zimepeleka kazi mji wa Wote. Na amepata gemu ndani. Karani wake, msichana anaitwa Nthenya, alikuwa amesimama kando ya meza, macho mekundu.

"Mwaitu, mama yangu, mimi sijui hiyo gemu," Nthenya alisema. "Na hata ile namba ya kuonekana mashine ikiwaka ilikuwa mia na thelathini na tatu. Saa hii inasema sabini na tano."

Mama Kyalo akanigeukia. "Fundi, sema ukweli. Ni gemu imeharibu hii kitu?"

Nilikuwa na nafasi pale. Nikasema, "Gemu hufanya mashine kuwa nzito, mama. Na hiyo namba hubadilika stima ikiwa kidogo." Nthenya alifukuzwa siku hiyo. Nilimwona akivuka soko na mfuko wa karatasi, nikapanda gari nikarudi kwa vijana wangu. Kibanda kilijaa mwaka mzima. Sikuwahi kufurahia.

Mama Kyalo alishafariki. Mimi niliacha gemu, nikafungua duka la vifaa vya umeme, nikaoa. Nilidhani mambo yamezikwa.

Mwaka huu kijana wangu wa kwanza alituambia amepata msichana, Mwende, na akatupeleka kwao tujulikane. Mama ya Mwende alitoka jikoni akipangusa mikono. Ni Nthenya. Alinitambua kabla hata sijaketi.

"Wewe si ule fundi wa Sultan?" akasema, na akacheka. Akawaeleza watu wote jinsi alivyofukuzwa kazi kwa sababu ya gemu ambayo hakuweka, na jinsi fundi alivyosema namba ilishuka kwa sababu ya stima, na kwamba hakuna ofisi ingine iliyomchukua, akauza mboga mpaka watoto wakasoma. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli ya supu. Akaniambia, "Usione haya, baba. Fundi ni mtu, anaweza kukosea. Mimi nilikusamehe zamani."

Alinisamehe kosa, wandugu. Hakunisamehe wizi, kwa sababu haujui.

Halafu Mwende, ambaye amesomea kompyuta, akasema polepole, "Lakini mum, namba ya prosesa haiwezi kushuka kwa sababu ya stima." Alinitazama, nikainamia supu yangu. Mpaka leo hajasema kitu, na sijui kama ananingojea.

Jumamosi tunapeleka mbuzi za ntheo. Wakamba wenzangu mnajua, zikishapokelewa Mwende ni mke wetu. Nikisema kabla, kijana wangu anaweza kumkosa msichana anayempenda, na hana kosa lolote. Nikisema baadaye, Nthenya atakuwa ameshapokea mbuzi zangu na kunipa binti yake bila kujua anampa nani. Kunyamaza nimekujaribu miaka hii yote na kumenishinda. Mke wangu anafikiri ni presha.

Mbuzi tayari wamefungwa hapa nyuma ya nyumba. Nielekezeni jamani, nimwendee Nthenya kesho peke yangu, ama nifanye nini?